Kufundisha Kiingereza Mtandaoni Ukiwa Dodoma: Ni Nani Hasa Anayenunua Somo?

Kila mwaka vyuo vya Dodoma, kikiwamo Chuo Kikuu cha Dodoma na kile cha Mtakatifu Yohana, hutoa wahitimu wa ualimu ambao wengi wao hukaa wakisubiri tangazo la ajira. Katika kusubiri huko wapo wanaosikia kwamba mtu mwenye kompyuta na Kiingereza kizuri anaweza kumfundisha Mjapani au Mbrazili akiwa chumbani kwake Nkuhungu au Ng'ong'ona, na akalipwa kwa dola. Habari hiyo ni ya kweli, ila humfikia mtu nusu nusu. Mwombaji hujaza fomu ya kampuni ya kwanza, na akifika kwenye kisanduku cha uraia anakuta orodha haina Tanzania. Hujaza ya pili, akapokelewa ndani ya siku tatu, kisha akakaa wiki sita bila mwanafunzi hata mmoja. Ya tatu humtaka atangulize "ada ya mafunzo" kwa simu. Mwishowe anahitimisha ama kwamba Kiingereza chake ni kibovu, ama kwamba jambo zima ni utapeli, na mara nyingi anakosea kotekote. Kinachomchanganya ni kwamba biashara tatu tofauti zimepewa jina moja, na kila moja ina mnunuzi wake, bei yake na mlango wake.

Biashara ya kwanza ni ya kampuni inayomchukua mwalimu, ikampa mtaala na ratiba, ikamtafutia wanafunzi na kumlipa kwa saa au kwa kipindi. Hii ndiyo iliyojenga sifa ya kazi hii duniani, na kwa muda mrefu moyo wake ulikuwa China. VIPKid, iliyoanzishwa Beijing mwaka 2013, iliajiri makumi ya maelfu ya walimu wa Marekani na Kanada kufundisha watoto wa Kichina mmoja mmoja kupitia kamera. Julai 2021 serikali ya China ilitoa sera ya kupunguza mzigo wa masomo kwa watoto, ikabana vikali biashara ya masomo ya ziada na kuzuia kuwatumia walimu wa kigeni walio nje ya nchi hiyo kufundisha watoto wake. Mwezi uliofuata VIPKid ilisitisha kuuza vipindi vipya vya walimu hao. Ninalitaja tukio hili kwa sababu ushauri mwingi unaozunguka hadi leo kwenye makundi ya WhatsApp ulitungwa kabla yake, na anayeufuata anatafuta soko ambalo limekwishafungwa. Jambo la pili lililotokana na hapo ni kwamba walimu wa Marekani waliobaki bila kazi walimiminika kwenye majukwaa mengine, nao wapo huko mpaka sasa wakishindania wanafunzi walewale.

Katika biashara hii ya kwanza pasipoti huulizwa kabla ya uwezo. Mwanaisimu wa Kihindi, Braj Kachru, alipendekeza mwaka 1985 kwamba Kiingereza duniani kitazamwe kama duara tatu: la ndani, lenye nchi kama Uingereza, Marekani na Australia, la nje, lenye nchi zilizokipokea kwa njia ya ukoloni na kuendelea kukitumia katika elimu na utawala, ambako Tanzania huwekwa, na la tatu, lenye nchi zinazojifunza Kiingereza kama lugha ya kigeni, kama Japani na Brazili. Kachru alikuwa akitetea Kiingereza cha duara la nje kihesabiwe kuwa Kiingereza kamili. Wafanyabiashara wamefanya kinyume chake: huchora mstari kwenye ukingo wa duara la ndani, mara nyingi wakiiongeza Afrika Kusini, kwa kuwa mzazi anayelipa anataka kuona neno "mzawa" kwenye tangazo. Mhitimu wa Dodoma aliyesoma kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza hukataliwa na mfumo wa kompyuta kabla mtu yeyote hajamsikia akizungumza. Si haki, na sioni faida ya kulipamba jambo hilo. Hata hivyo ni vyema mwombaji ajue kwamba aliyekataliwa hapo hakufeli mtihani wowote.

Zipo kampuni, hasa zinazowahudumia Wajapani, zinazopokea walimu wa mataifa yote. RareJob, kampuni ya Kijapani iliyoanza mwaka 2007, ilijengwa juu ya walimu wa Ufilipino, na mfano wake umeigwa na wengi. Vipindi vyao kwa kawaida ni vya dakika 25, kitabu cha kufundishia wanakitoa wao, na malipo ni madogo kwa sababu yamepimwa kwa soko la ajira la Manila. Kwa anayeanza, zinaweza kuwa mahali pa kujifunza kukaa mbele ya kamera huku mtu akilipwa kidogo. Kwa anayetaka kulipia pango la nyumba katika mtaa wa Kisasa, hesabu itamgomea.

Biashara ya pili ndiyo iliyo wazi zaidi kwa mtu wa Dodoma, na ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Haya ni majukwaa kama Preply, lililoanzishwa mwaka 2012, na italki, la mwaka 2007. Mwalimu aliyepokelewa huko hajaajiriwa. Amepewa mahali pa kupanga bidhaa. Anayelijua soko la mahindi la Kibaigwa, wilayani Kongwa, ataelewa haraka: kuingiza gunia sokoni si kuliuza. Mnunuzi anapita, anaangalia punje, anauliza bei, anakwenda kwa mwingine, na gunia likipata mteja, mwenye soko ana chake. Mwalimu huweka picha, video fupi ya kujitambulisha, maelezo na bei anayoitaka, kisha mwanafunzi huchagua mwenyewe kati ya maelfu. Wiki sita za ukimya alizozipata mwombaji wetu ni hali ya kawaida ya gunia jipya lisilo na sifa.

Hesabu ya soko hili inastahili kupigwa kabla ya kuingia, maana wengi huipiga baada ya mwezi wa kwanza na kukata tamaa. Utaratibu wa Preply ni kwamba somo la kwanza la majaribio kwa kila mwanafunzi mpya huliwa lote na jukwaa; mwalimu hapati kitu. Baada ya hapo jukwaa huchukua asilimia 33 ya bei, na kiwango hicho hushuka kwa ngazi kadiri mwalimu anavyofundisha, hadi asilimia 18 akishavuka saa 400. Tuseme mwalimu amejiwekea dola 8 kwa saa, na tuseme kwa urahisi wa hesabu kwamba dola moja ni shilingi 2,500. Katika kila saa atabakiwa na dola 5.36, yaani shilingi 13,400. Akifika ngazi ya asilimia 18 atabakiwa na dola 6.56, yaani shilingi 16,400. Lakini akiwa na wanafunzi kumi wapya kwa mwezi, ambao watatu tu wanaendelea, amefundisha vipindi kumi bure ili kuwapata hao watatu. Ndiyo maana mwalimu mwenye busara hapimi mafanikio kwa idadi ya wanaokuja kujaribu. Anapima kwa idadi ya ambao bado wanarudi miezi mitatu baada ya kuanza. Wanafunzi sita wanaorudi mara mbili kila wiki ni saa kumi na mbili za kazi yenye uhakika, na hao huwapita thelathini wa kupita njia.

Swali la bei huleta kosa jingine. Mgeni sokoni hushawishika kujiweka dola 3 ili avutie. Bei hiyo humleta mwanafunzi anayetafuta bei, naye ataondoka siku atakapompata wa dola 2. Kuanza chini kidogo ya walimu wenye sifa zinazofanana na zako, kisha kupanda kwa nusu dola kila unapokusanya maoni mazuri kadhaa, ni njia ya polepole, lakini haimfungi mtu kwenye shimo ambalo hawezi kutoka bila kuwafukuza wateja wake wote.

Biashara ya tatu ni ya mwalimu kuwa na wanafunzi wake mwenyewe, bila dalali. Karibu hakuna anayeanza nayo. Hufikiwa na mtu aliyekaa sokoni mwaka mmoja au miwili, akajulikana, kisha akaanza kupokea watu walioelekezwa na wanafunzi wake wa zamani. Ieleweke tu kwamba majukwaa hukataza kuwahamisha wanafunzi waliopatikana kwao, na adhabu yake ni kufungiwa akaunti.

Sasa, ikiwa mnunuzi ana Mmarekani na Mwingereza wa kuchagua kwenye ukurasa uleule, kwa nini amchague mtu wa Dodoma? Wengi hujibu kwa bei, na nimekwisha kueleza bei inakofikisha. Jibu lenye nguvu zaidi, kwa maoni yangu, limo katika lugha yetu wenyewe. Kiswahili kina irabu tano tu, na silabi zake karibu zote huishia kwa irabu. Kiingereza sanifu cha Uingereza huhesabiwa kuwa na sauti za irabu zipatazo ishirini, na hurundika konsonanti bila huruma. Mswahili aliyekutana na maneno hayo aliyapa irabu ili yapitike mdomoni: akasema basi, hoteli, kilabu, shati. Mjapani, ambaye lugha yake nayo ina irabu tano na haipendi konsonanti kukaa mwishoni, alifanya vilevile: husema basu, hoteru, kurabu, shatsu. Mhispania naye ana irabu tano, na hupata taabu ileile ya kutofautisha neno la meli na neno la kondoo (ship na sheep) katika Kiingereza. Mzaliwa wa Ohio hajawahi kuiona taabu hii. Hutamka, na anayeshindwa kumfuata huambiwa arudie. Mwalimu aliyeuvuka mto huo kwa miguu yake mwenyewe anajua jiwe lilipo. Anaweza kumwambia mwanafunzi ulimi uende wapi, kwa sababu aliwahi kuutafuta wa kwake.

Hoja hiyo inafaa kuwa ndiyo video ya kujitambulisha. Video nyingi za walimu wetu huanza kwa kuorodhesha vyeti na kusema kwamba wanapenda kufundisha, jambo ambalo kila mmoja kwenye ukurasa anasema. Dakika moja inayoonyesha kosa halisi la Mjapani, Mturuki au Mbrazili, na jinsi ya kulirekebisha, inamwambia mnunuzi jambo la kumhusu yeye. Hii ina maana ya kuchagua taifa moja au mawili na kuyasoma vizuri. Pia ina maana ya kuwalenga watu wazima zaidi ya watoto, kwa sababu mtu mzima hujichagulia mwalimu akijua udhaifu wake, ilhali mtoto huchaguliwa na mzazi anayetazama bendera.

Kuhusu vyeti, neno TEFL limeleta mkanganyiko mkubwa, kwani watu hulidhania kuwa cheti kimoja chenye baraza lake. Ni jina la fani tu, yaani ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya kigeni, na hakuna mamlaka moja ya dunia inayosimamia wanaotoa vyeti vyake. Matangazo mengi hutaja kozi ya saa 120, na kozi hizo huuzwa mtandaoni kwa bei zinazotofautiana mno. CELTA ni kitu kingine: hutolewa na Cambridge, ina saa sita za kufundisha wanafunzi halisi chini ya uangalizi, na gharama yake ni kubwa. Mwenye shahada ya ualimu hana haraka ya kuinunua yoyote kati ya hizo ili aingie sokoni. Kinachomsaidia mapema zaidi ni kuthibitisha kiwango chake kwa vipimo vya Ulaya vinavyoanzia A1 hadi C2, maana wanafunzi wa nje huvielewa vipimo hivyo kuliko jina la chuo chochote cha kwetu. EF SET ni mtihani wa bure wa mtandaoni wa kuanzia. Unaotambulika zaidi, kama IELTS, hulipiwa.

Suala la saa linaonekana dogo, lakini ndilo huamua kama kazi hii itaishi pamoja na maisha ya mtu. Tanzania iko saa tatu mbele ya saa ya kimataifa, Japani iko saa tisa mbele, hivyo Tokyo imetutangulia kwa saa sita. Na kwa kuwa Waswahili huanza kuhesabu saa panapopambazuka, tofauti yetu na saa ya kizungu nayo ni sita. Matokeo yake ni ya kufurahisha: tunaposema saa saba mchana hapa Dodoma, Mjapani aliyetoka kazini anasoma saba ya jioni kwenye saa yake. Kuanzia saa saba hadi saa kumi mchana ndio wakati wake wa kujifunza. São Paulo nayo iko nyuma yetu kwa saa sita kamili, kwa hiyo tarakimu hulingana tena, ila upande wa pili wa siku: saba ya jioni ya Mbrazili ni saa saba usiku ya kwetu. Anayetaka kulala awatafute Wabrazili wanaosoma kabla ya kwenda kazini, maana saba yao ya asubuhi ni saa saba yetu ya mchana. Uturuki na Saudi Arabia zinatumia saa ileile kama yetu, na hizo ndizo zinazomfaa mtu anayeshinda kazini na ana nafasi kuanzia saa moja hadi saa nne usiku. Nchi nyingi za Ulaya husogeza saa zake Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Sisi hatusogezi, na walimu wengi hukosa kipindi chao cha kwanza kwa sababu hiyo. Wengine hukikosa kwa kuandika "saa 2" kwenye ujumbe kwa mazoea ya kwetu. Kalenda ya jukwaa iachwe isomeke kwa saa 24, na maongezi na mwanafunzi yafuate hiyohiyo.

Kuhusu vifaa sina mengi. Kompyuta ya kawaida, vipokea sauti vyenye maikrofoni, na dirisha mbele ya uso, lisiwe nyuma, vinatosha kuanzia. Saa moja ya mazungumzo kwa video inaweza kula kuanzia nusu GB hadi GB moja na nusu, hivyo mwenye vipindi vingi atajikuta anahitaji faiba, si bando la simu. Nyumba ya bati isiyo na dari haifai kwa kazi hii kati ya Desemba na Aprili, kwa maana mvua ikipiga mwanafunzi hasikii neno. Na yapo yasiyo mikononi mwa mwalimu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadorora nchini. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Jukwaa humhesabu mwalimu asiyetokea kuwa mtoro bila kuuliza sababu, kwa hiyo inafaa wanafunzi wa kudumu waelezwe mapema kwamba ukimya wa ghafla una maana gani.

Hapa niseme kuhusu njia ya mkato inayouzwa sana. Wapo wanaokodisha akaunti za walimu wa Marekani, au wanaomshauri mtu atumie VPN ili aonekane yuko huko. Akaunti ya namna hiyo si yako. Mwenye jina ndiye anayelipwa kwanza, na siku akiamua kukunyima huna pa kushtaki. Zaidi ya hayo, Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliwataka wanaotumia VPN kihalali kusajili matumizi hayo, na ikakumbusha kwamba kuitumia kufungua yaliyozuiwa ni kosa. Kuhusu wale wanaodai ada ya mafunzo kabla ya kazi, kanuni ni fupi: jukwaa la kweli huchukua chake kutoka kwenye somo lililouzwa, wala halihitaji pesa yako kabla hujauza.

Malipo nayo yana mtego wake. PayPal kwa miaka mingi imemruhusu Mtanzania kutuma fedha na kununua, bila kumruhusu kupokea, na wapo waliogundua hilo wakiwa tayari na dola kadhaa zilizokwama. Njia inayotumiwa zaidi ni Payoneer, ambayo hupokea kutoka kwenye jukwaa na kupeleka kwenye akaunti ya benki ya hapa nchini. Kila hatua ina makato, na kiwango cha kubadilishia fedha hakifanani na kile kilichobandikwa benki, hivyo kutoa kiasi kikubwa mara moja kwa mwezi ni nafuu kuliko kutoa kidogo kila wiki. Jina kwenye akaunti zote lifanane herufi kwa herufi na la kitambulisho. Herufi moja ya jina la babu imewachelewesha watu wiki nzima.

Kodi ni upande ambao hautajwi kabisa. Mtu aliyekaa nchini siku 183 au zaidi katika mwaka huweza kuhesabiwa kuwa mkazi kwa mujibu wa Sheria ya Kodi ya Mapato, na mkazi hutozwa kodi kwa kipato chake kutoka popote duniani. Jukwaa la nje halimkati, hivyo wajibu wa kutangaza mapato unabaki kwake mwenyewe, akiwa na TIN, ambayo hutolewa bure na TRA. Kipato kisichozidi shilingi 3,240,000 kwa mwaka hakitozwi. Mwalimu wetu wa saa kumi na mbili kwa wiki, akibakiwa na shilingi 13,400 kwa saa, anafikisha takriban shilingi 640,000 kwa mwezi wa wiki nne, naye amekwishavuka kiwango hicho. Mtumishi wa umma anayetaka kufanya kazi hii jioni asome kwanza masharti ya utumishi wake kuhusu kazi za ziada.

Limebaki jambo ambalo wahitimu hawaliulizi. Majukwaa hayohayo yana upande wa Kiswahili. Wanafunzi wake ni wachache mno wakilinganishwa na wa Kiingereza: watafiti, wamisionari, watu waliooa au kuolewa Afrika Mashariki, watoto wa Watanzania waliokulia ughaibuni. Lakini ukurasa wa walimu nao ni mfupi, na kisanduku kile cha uzawa kilichomfungia mtu mlango wa kwanza hapa kinamfungulia, huku Mmarekani akiwa ndiye anayelazimika kueleza alikojifunzia. Nimeona mwalimu wa hapa Dodoma akiwa na wanafunzi wanne wa Kiingereza na wawili wa Kiswahili, na hao wawili ndio wanaomlipa zaidi.